Kadi Isiyo na Mshale

Aciro ndiye aliyenishika shati siku yangu ya mwisho kliniki na kuniambia nisiondoke na kila kitu kichwani. Yeye ni mtaalamu wa viungo kama mimi. Alikuja kwetu akitoka chuoni moja kwa moja, na miaka yake yote pale tumekaa meza moja. Alitaka niandike jinsi nilivyofanya kazi na migongo ya watu, ili yeye na wenzake waliobaki wawe na pa kuchungulia wakikwama. Nimekaa na daftari hili kwa wiki tatu sasa. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaruka, kwa kuwa hayajawahi kunyoosha mgongo wa mtu. Nitaandika kuhusu kazi, na kwa kuwa nimeshastaafu na hakuna wa kunifukuza, nitaandika pia kuhusu wivu. Nilikwenda nao kazini kila asubuhi na kurudi nao nyumbani kila jioni, kwa hiyo siwezi kuisimulia kazi na kuuacha wivu.

Jina langu ni Wafula. Nilizaliwa upande wa Kenya, karibu na Bungoma, nikasomea fiziotherapia huko huko, kisha nikavuka mpaka kwa sababu kwetu nafasi zilikuwa zimejaa na Kampala nilisikia bado. Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ndogo Luzira, barabara ya kushukia bandari ya Port Bell. Wagonjwa wa mgongo walikuwa wa aina mbili: askari wa gereza la Luzira, walioumia kwa kusimama, na wapakiaji wa bandarini, walioumia kwa kuinama. Mimi niliwaambia wote maneno yale yale. Nyoosha mgongo, fanya mazoezi, rudi Jumatatu. Nusu yao walipata nafuu, nusu wakazidi kuumwa, na sikujua kwa nini.

Aliyejua ni Mzee Okello, mkuu wa chumba chetu. Alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, na vifaa vyake vilikuwa vinne tu: nyundo ndogo ya kugongea goti, utepe wa kupimia wa fundi cherehani, kiti cha mbao kisicho na mikono, na kalamu nyekundu. Siku yangu ya tatu aliniita nimtazame akimpima mpakiaji aliyekuwa na maumivu kutoka kiunoni hadi kwenye kisigino. Alimwambia ainame mara kumi, polepole, kisha akamuuliza maumivu yamefika wapi. Yule bwana akasema yamefika vidoleni. Akamlaza kifudifudi, akamwambia ajiinue kwa viwiko ili mgongo upinde kwa nyuma, mara kumi vile vile. Akamuuliza tena. Yamepanda, akasema, yako kwenye tako. Mzee Okello akachukua kadi ya mgonjwa, akachora kwa kalamu nyekundu mshale unaoelekea nyuma, akanipa kadi.

Nawaandikia hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililonilisha miaka yote. Mgongo ulioumia mara nyingi una upande unaoukubali na upande unaoukataa. Wengi wenye diski iliyochomoza hutulia wakipinda nyuma na huchafuka wakiinama mbele. Wazee wengi, ambao njia ya neva imebanwa na mifupa, ni kinyume: wakiinama wanapumua, wakipinda nyuma miguu inaingia ganzi. Maumivu yakitoka mguuni na kurudi juu kiunoni, uko njia nzuri, hata kama kiunoni yanauma zaidi kidogo. Yakishuka kuelekea vidoleni, acha hapo hapo, usimwambie mgonjwa avumilie. Mshale wa Mzee Okello ulimwambia yeyote atakayeshika kadi ile kesho yake upande upi unaruhusiwa. Kadi isiyo na mshale alikuwa akiitupa sakafuni, nawe unainama kuiokota mbele ya mgonjwa.

Nilimwonea wivu kwa macho yake. Lakini zaidi nilimwonea wivu mzee mmoja aliyekuwa akikanda watu kwa mafuta nyuma ya maduka ya Port Bell. Wapakiaji walinisikiliza kwa adabu asubuhi, na jioni walikwenda kwake wakiwa wamemfungia samaki. Mimi niliyekalia dawati la chuo miaka mitatu sikuletewa hata mukene, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Mke wangu aliniuliza mara moja kama nataka wapone au nataka samaki. Mpaka leo nadhani lilikuwa swali la haki.

Kutoka Luzira nilihamia kliniki ya Bukoto, ghorofa ya chini ya jengo la fleti, na hapo ndipo nilipomalizia. Kalerwe iko karibu, kwa hiyo tulipokea migongo ya soko: wanaobeba mikungu ya matooke, wanaoburuta magunia ya viazi, akina mama wanaokaa siku nzima kwenye ndoo iliyogeuzwa. Tulipata pia watu wa ofisini, ambao huumia kwa kukaa na hukasirika ukiwaambia hivyo. Katika kesi ngumu nitataja moja. Fundi mwashi kijana aliletwa na maumivu ya kawaida kabisa ya kiuno, nami nikiwa na haraka nilikaribia kumpa mazoezi na kumuaga. Alipokuwa akivaa viatu akasema kwa aibu kwamba tangu jana hasikii vizuri pale anapokalia, na haja ndogo inamtoka bila taarifa. Nilimpeleka hospitali mwenyewe saa ile ile. Mgonjwa wa mgongo akikwambia jambo kama hilo, au mguu ukilegea ghafla, weka nyundo chini na piga simu. Hapo hakuna zoezi la kumpa.

Sasa nimfikie Chantal.

Mkurugenzi wetu, Bi. Namusoke, alikuwa na ukumbi mtupu ghorofa ya juu na wazo kwamba wagonjwa tukishawamaliza wanahitaji mahali pa kuendelea na mazoezi. Akamleta mwalimu wa yoga. Chantal ni Mkongo wa Bukavu, alikuja Kampala kama mkimbizi, na wakati ule alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Tuliambiwa alijifunza yoga kwa mama mmoja wa Kihindi aliyemwajiri kwa kazi za nyumbani, kisha akapata cheti. Hayo yalinitosha. Sikumuuliza jambo jingine kwa miaka miwili, na kila nilichotaka kukijua juu yake nilikitafuta kwa kuchungulia mlangoni.

Nilichungulia nikitafuta kosa. Niwe mkweli, nilitaka kosa kubwa. Nilitarajia kukuta watu wamejikunja, visigino viko shingoni. Nilikuta mikeka ya mpira, matofali mepesi ya gome la kutengenezea vizibo, mikanda, mablanketi yaliyokunjwa na viti vya mbao visivyo na mikono. Somo lilianza watu wakiwa wamelala chali, magoti yamepinda, wakipumua tu. Aliyetaka kuinama alifundishwa kujikunja kwenye nyonga na kuacha kiuno kimenyooka, mikono ikiegemea kiti. Hakuna aliyeshikwa na kusukumwa. Hakuna aliyezungusha mgongo huku ameinama, maana hapo ndipo diski huumia zaidi. Aliyetaka kusimama alijiviringisha ubavu kwanza, akajisukuma kwa mikono. Na kila baada ya muda mfupi Chantal aliuliza kama kuna mtu anayesikia kitu kinateremka mguuni. Alifanya kazi nzuri, na nilishuka ngazi nikiwa nimenuna.

Baada ya hapo nilianza kusikia vicheko kupitia dari. Wagonjwa wangu, ambao kwangu walifanya mazoezi siku mbili kwa wiki na kunidanganya ni saba, kwake walifanya kila siku. Walinipigia simu kubadilisha miadi yangu ili wasikose kipindi chake. Walimpandishia maparachichi na ndizi za bogoya. Kulikuwa na dereva wa lori niliyemhangaikia miezi minane, hatua kwa hatua, kutoka kitandani hadi kwenye usukani. Alipita mlangoni kwangu akiwa amenyooka na kuniambia kwamba Mwalimu Chantal amempa mgongo mpya. Nilimpongeza. Kisha nilifunga mlango nikakaa, chai ikapoa mbele yangu.

Kilichoniuma zaidi ni mishale. Kila mgonjwa aliyepanda juu alipanda na kadi yake, nami nilikuwa nimechora mshale kwa kalamu nyekundu kama nilivyofundishwa. Chantal aliusoma na kumpangia mtu somo kwa kuufuata. Wa nyuma alipewa zoezi la nyoka, akijiinua kwa viwiko. Wa mbele alipewa kulala chali na kukumbatia magoti. Kazi ya kutafuta upande ilikuwa yangu, na shukrani ilikuwa yake. Hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule.

Nikaacha kuchora. Sikukaa chini nikaamua. Nilijaza kadi, nikafika mahali pa mshale, kalamu ikabaki mfukoni. Nilijiambia akitaka kujua ashuke aniulize. Nilikuwa hata nimepanga itakavyokuwa: nitavua miwani, nitamvutia kiti, nitamweleza taratibu tangu mwanzo, na Aciro atakuwa pale anasikia. Nilimngoja wiki ya kwanza, nikamngoja mwezi. Hakushuka. Nikachungulia tena, nikamkuta anawapima watu mwenyewe kabla ya somo, mmoja mmoja, anawainamisha na kuwapinda na kuwauliza maumivu yamefika wapi. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikasirika kwamba anajua.

Nalongo aliingia katika maisha yetu msimu huo wa mvua. Waganda humwita hivyo mama aliyezaa mapacha, na sijui kama kuna mtu sokoni Kalerwe anayelijua jina lake jingine. Aliuza matooke ya jumla. Siku moja aliuwahi mkungu uliokuwa ukianguka kutoka kwenye lori, na tangu hapo mguu wake wa kushoto ukawa unawaka moto. Kwangu alikuwa mgonjwa mzuri, mcheshi, mbishi, anayelipiza kila utani. Upande wake ulikuwa nyuma, wazi kabisa. Baada ya wiki sita maumivu yalikuwa yamepanda kutoka mguuni hadi kiunoni na karibu kuisha. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba sokoni asiiname, achuchumae. Kisha nikamwandikia kadi, nikaacha nafasi ya mshale tupu, nikampandisha juu kwa Chantal.

Siku ya somo lake la pili ukumbi ulijaa na Chantal hakupata nafasi ya kumpima kila mtu. Waliketi wamenyoosha miguu, mkanda umepitishwa nyayoni, magoti yamelegezwa, wakaegemea mbele. Aliwaambia kama kawaida kwamba anayesikia kitu kinateremka mguuni aache. Nalongo alisikia siafu wanamshuka hadi kwenye kidole gumba. Hakuacha, kwa sababu mwanamke wa mkeka wa pembeni alikuwa bibi kizee na ameshafika kwenye vidole vyake. Kesho yake asubuhi alikohoa akiwa ameketi kitandani. Alipokanyaga chini, unyayo wa kushoto ukakataa kuinuka.

Binti yake alimleta kwa teksi. Nilimgusa juu ya mguu, nikamwambia avute vidole kuelekea kwenye goti, na vidole vikabaki palepale. Niliita gari la kumpeleka hospitali. Tukiwa tunalingoja nikamuuliza, kwa sauti ambayo leo siipendi, kwa nini aliinama nami nilimkataza.

"Musawo, ulisema nisiiname kwa soko," alisema. Musawo ndilo jina wanalotuita sote tunaotibu. "Huku juu sikuwa kwa soko. Nilikuwa kwa mazoezi."

Daktari wa mifupa alisema kwamba diski ile ingeweza kutoka hata kwa chafya, kwa kuwa ilikuwa imeshachoka. Niliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Yalikuwa kweli, na yalinisaidia kulala.

Bi. Namusoke akaitisha kikao. Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha Chantal hakikumtosha kujitetea na Kiganda changu hakijawahi kuvuka bei ya nyanya. Kadi ya Nalongo ilikuwa mezani. Mkurugenzi aliisoma mbele na nyuma, akaniuliza kama mwalimu alikuwa ameelezwa hali ya mgonjwa. Nilisema kadi ni fupi lakini mgonjwa mwenyewe aliambiwa asiiname. Kila neno hapo ni la kweli, na yote kwa pamoja ni uongo. Nilimtazama Chantal nikingoja aseme kwamba mshale haukuwepo. Alitazama kadi, akatazama mikono yake, akasema somo lilikuwa lake na mtu aliumia mkononi mwake. Bi. Namusoke akafunga ukumbi mpaka atakapoamua kama yoga itaendelea pale kliniki. Kila mtu alielewa ataamua nini. Chantal alikuwa akilea wanawe wawili kwa ukumbi ule.

Mtanisamehe au hamtanisamehe, siku tatu za kwanza nilikuwa na raha. Dari ilikuwa kimya. Wagonjwa walirudi kunipigia simu. Mama mmoja aliniletea fenesi zima, nikalibeba hadi kwenye gari langu mimi mwenyewe, taratibu, watu wakiona.

Siku ya nne Aciro alikuwa nje kwa udhuru, nikawachukua wagonjwa wake. Nilifungua kadi ya kwanza, haina mshale. Ya pili, haina. Nikavuta droo yake yote. Hakuna mshale kwenye kadi yoyote ya miezi ile. Aliporudi nikamuuliza, na nilijitahidi sauti yangu iwe ya kawaida.

Alinitazama kama mtu anayetegwa. "Mzee, wewe uliacha," akasema. "Nilifikiri tumebadilisha utaratibu."

Kwa hiyo hili unalijua, Aciro, ila hukujua lilinifanya nini. Baada ya jibu lako nilimwona mgonjwa wa kwanza wa asubuhi ile, mzee ambaye njia ya neva imebanwa, nusura nimpinde nyuma kwa kuwa kadi haikuniambia kitu. Nilisimama pale nimemshika mabega na mikono yangu haikujua iende wapi. Yaliyompata Chantal kwa kadi zangu niliyaonja kwenye mwili wangu mwenyewe. Nilimaliza kumpima yule mzee kuanzia mwanzo, nikaosha mikono, nikaenda kwa Bi. Namusoke.

Nilimwambia kwamba Nalongo alikuwa na upande, kwamba niliujua, kwamba niliacha kuuandika kwa makusudi kwenye kadi zote tangu mvua hazijaanza, na kwamba sababu ni wivu. Aliniuliza wivu wa nini, mimi mtu mzima mwenye jina mjini. Nilimwambia wa maparachichi. Hakucheka. Alisema nitaandika yote hayo kwa mkono wangu na kutia sahihi, atayaweka kwenye faili langu, na ukumbi utafunguliwa Jumatatu. Alisema pia kwamba Nalongo ataambiwa na mimi, si na mtu mwingine.

Nilimkuta Nalongo nyumbani kwao, mguu umewekwa juu ya mto. Alikuwa amerudi kutoka hospitali akiwa na plastiki ya kuushika unyayo usianguke, na walikuwa wamemwambia nguvu huenda zikarudi, huenda zisirudi zote, na hawajui lini. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akamwita binti yake aniletee chai, na chai ilipofika akaniambia niinywe kisha niende. Hakunitania. Niliinywa ikiwa moto ili niondoke mapema.

Jumatatu nilipanda ngazi kabla ya wagonjwa kufika. Chantal alikuwa anatandika mikeka. Nilikuwa nimebeba kadi zote zilizokuwa kwake, kila moja ina mshale sasa, nilizipitia Jumamosi na Jumapili nikiwapigia watu simu kuhakikisha. Niliziweka juu ya kiti, nikamwambia kwamba niliacha kuchora kwa makusudi, ili ashuke aniulize. Niliomba radhi. Aliendelea kukunja blanketi, kona kwa kona.

"Miye nilijua, Papa Wafula," alisema. "Mbele mishale ilikuwako, kiisha ikaisha. Nilionaka."

Nikamuuliza kwa nini basi hakushuka. Ngazi ni zile zile, mlango wangu ulikuwa wazi siku zote, nami nilikuwa nimekaa kumngoja.

Aliketi kwenye mkeka. Aliniambia kwamba Bukavu alikuwa akisomea kazi yangu. Alimaliza miaka mitatu ya chuo, ukabaki mmoja, vita vikawafikia wakatoka na nguo walizovaa. Vyeti vilibaki huko. Hapa hakumwambia mtu, kwa sababu bila karatasi hiyo ni hadithi tu, na wakimbizi wana hadithi nyingi na watu wamechoka kuzisikia. Kila kadi iliyopanda juu aliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mgonjwa, mara ya pili kwa ajili yake. Alikuwa akiangalia mwandiko wangu na kuwaza kwamba kama nchi yake ingetulia, angekuwa amekaa chini kwenye meza kama yangu, na watu wanamwita alivyostahili.

"Ile siku ya Nalongo nilisimama pa ngazi, kadi iko mu mkono," akasema. "Watu walikuwa wengi, nilijua sitamupima. Nikasema nishuke nikuulize. Kiisha nikasema, huyu papa atanifundisha kama mtoto, na ile kitu nilisomaka. Nikarudia mu ukumbi. Nilikuwaka na wivu yako, Papa Wafula. Sana."

Najua kilichonipasa kuhisi. Kulikuwa na mwanamke Kalerwe ambaye mguu wake ulikuwa umelala kwa sababu watu wawili waliojua dawa yake hawakutaka kupanda wala kushuka ngazi kuulizana. Nilikuja kuyahisi hayo baadaye, na bado nayahisi. Lakini kitu cha kwanza kilichonifikia, na ninakiandika hapa kwa kuwa nimewaahidi kazi yote, kilikuwa furaha. Maisha yangu yote nimewaonea watu wivu, na sasa nilikuwa mbele ya mtu aliyenionea mimi. Nilitaka aendelee kusema. Nilitaka anieleze ni kitu gani hasa, ni mwandiko, ni meza, ni koti.

Hakupata muda wa kuendelea, kwa sababu watu walianza kufika, na katikati yao akaja Nalongo. Hatukumtarajia kabla ya mwezi kwisha. Alipanda ngazi akishika ukuta, binti yake nyuma, mguu mmoja ukitua sawa na mwingine ukiburuzika na kupiga sakafu. Alisimama mlangoni akihema. Alitutazama wote wawili, mimi nimesimama na Chantal amekaa, na hakutusalimu.

"Leo muko wawili," alisema. "Sasa muniambie. Napinda wapi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni kwangu, na nilimwona Chantal naye analo. Akanitazama, ananiachia. Nami nikamwachia yeye. Alisimama, akamshika Nalongo mkono hadi kwenye mkeka wa karibu na ukuta, akamsaidia kulala ubavu kwanza na kisha kifudifudi, akamwambia nyuma, Mama, nyuma tu, kwa viwiko, polepole, na ukisikia kitu mguuni unaniambia saa ile ile. Alisema sawasawa. Nisingeongeza hata neno. Nalongo alijiinua kwa viwiko mara moja, mara mbili, akashusha pumzi, akageuza uso akamshukuru. Alimshukuru yeye, na hata pale, na mguu ule ukiwa mbele ya macho yangu, niliumia kwamba hakunishukuru mimi.